Namna ya Kuandika Hadithi ya Nguva na Haramia Wapendanao katika Bahari ya Lamu

Wengi wanaotaka kuandika fantasia ya mapenzi kati ya wanawake wawili, mmoja haramia na mwengine nguva anayeimba mpaka vyombo vikapotea njia, huanza na nywele. Nywele ndefu zilizolowa, mwamba, mbalamwezi. Wakifika ukurasa wa tatu wanakwama, kwa sababu hawajui chombo kimetoka wapi, kinakwenda wapi, wala kimefuata nini hapo usiku. Mwongozo huu unaanzia kwenye maji, nywele zitafuata. Nimeuandika kwa Lamu kwa sababu funguvisiwa hilo lina kila kinachohitajika: milango myembamba, mikoko, miji iliyohamwa na ushairi wa miaka mingi. Wa Malindi nao wasiondoke. Mji wao una kazi humu, ingawa ni kazi ya kuwa adui.

Hatua ya kwanza: panga pepo

Kabla ya kumpa mhusika jina, chora mwaka wake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ikileta vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi, na kuteremsha vya Lamu kwenda Malindi, Mombasa, hata Kilwa. Kusi huingia Aprili ikashika mpaka Septemba, ikawarudisha wote. Juni na Julai kusi huwa kali, bahari ikachafuka, na vyombo vya matanga vilipandishwa pwani kungoja. Baina ya misimu kuna maleleji, siku ambazo upepo haujui unataka nini.

Sasa mtie haramia wako humo. Tumwite Mwana Mize. Akiondoka kisiwa cha Pate Januari, kaskazi itamfikisha kusini kwa raha, ila haitamrudisha. Atakaa huko, au atajikokota kwa kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, mpaka kusi iingie. Miezi hiyo ya kutengana na nguva wake hukuibuni wewe, na msomaji wa pwani hataihoji. Juni na Julai ndiyo miezi ya mapenzi: chombo kiko mchangani, mabaharia wametawanyika majumbani mwao, nahodha hana kazi ila kutazama maji. Weka hapo sura zako ndefu. Ukiwaweka wapenzi hao mwezi wa Julai kwenye mashua nje ya mlango wa bahari, maji yametulia tuli, utachekwa na mtoto yeyote wa Faza.

Ukimaliza mwaka, chora siku. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu. Kwenye pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa kidogo mnamo saa nne. Likariri hilo hata ukisahau mengine yote humu, maana waandishi wa hadithi za bahari huumbuka hapo. Tukio lako la mwezi mpevu saa mbili za usiku ni tukio la maji yanayopwa. Miamba inatoka, njia zinafungwa, na anayesitasita kusema anachotaka kusema atakwama na chombo chake.

Kuna mahali pawili pa kutumia jambo hilo. Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, una mikoko pande zote mbili, na chombo kikubwa hupita maji yakiwa yamejaa. Hapo ndipo pa kufukuzana. Hori linaloingia Takwa nalo ni hivyo hivyo: ukichelewa kutoka, utalala huko. Takwa ni mji uliohamwa karne ya 17, wenyewe wakavuka kwenda Shela, na hadi leo watu wa Shela huenda kwenye kaburi lake la nguzo kuomba mvua. Mwandishi wa mapenzi anayetafuta sababu ya kuwafungia wawili mahali pamoja usiku kucha, bila ya kulazimisha, ameshaipata.

Hatua ya pili: amua ni haramia machoni mwa nani

Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498 akapokewa kwa ukarimu. Mwaka 1505 wenzake wakaichoma Mombasa. Baada ya hapo Wareno walitaka kila chombo cha biashara kiwe na hati yao ya kusafiria, na asiye nayo walimkamata wakachukua shehena. Mize basi hakuamka asubuhi moja akapenda wizi. Baba yake alikuwa na hariri ya Pate ngamani, chini tumboni mwa chombo, na hakuwa na karatasi.

Ukitaka tarehe ya kushikilia, mchukue Mir Ali Bey. Mwaka 1586 nahodha huyo wa Kituruki alipita pwani hii, na miji mingi, Lamu na Pate ikiwemo, ikamkumbatia. Kwa Wareno alikuwa haramia. Kwa waliochoshwa na Wareno alikuwa faraja. Malindi ilibaki upande wa Wareno. Aliporudi tena, kundi la meli za Wareno kutoka Goa, Bara Hindi, lilimkamata Mombasa mwaka 1589, kisha likapanda kaskazini kulipiza kisasi, na mfalme wa Lamu akakatwa kichwa. Riwaya yako inaweza kuanza kesho yake. Mji uko msibani, mabaharia waliokuwa na Mturuki wanajificha mikokoni, na mwanamke mmoja anajua njia za Mkanda kuliko waliobaki hai.

Msomaji atauliza kama mwanamke wa Kiislamu wa karne hiyo aweza kuongoza maharamia. Jibu lipo Morocco: Sayyida al-Hurra alitawala Tetouan mpaka mwaka 1542 na meli zake zilizisumbua za Wareno na Wahispania. Uchina, Zheng Yi Sao aliamuru mamia ya vyombo kabla ya kujisalimisha 1810 kwa masharti mazuri. Anne Bonny na Mary Read, ambao kila mtu huwataja kwanza, walishitakiwa Jamaika mwaka 1720, wote wawili wakasema ni wajawazito, kitanzi kikaahirishwa. Na Pate yenyewe ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Usiandike sura nzima ya kuomba radhi kwa nini nahodha ni mwanamke. Mpe sentensi moja ya sababu kisha mpe kazi.

Onyo moja: usiilete hadithi hii miaka yetu. Mwaka 2011 watu walitekwa Kiwayu na Manda, kukawa na vifo, hoteli zikafungwa, na wavuvi wa Lamu wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka. Huko neno haramia bado lina wenyewe wanaoumia. Karne ya 16 iko mbali vya kutosha.

Hatua ya tatu: mpe mtepe

Jahazi la misumari ni rahisi kuandika kwa kuwa sote tumeliona. Mtepe ni bora zaidi. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja, tanga lake lilikuwa la mkeka, la mraba, na omo yake, yaani pua ya mbele, ilichongwa kama shingo ya ngamia. Ulijengwa sana upande wa Wabajuni. Una sifa tatu ambazo kila moja ni mtambo wa hadithi. Haubishi vizuri, kwa hiyo Mize hawezi kukimbia kuelekea upepo. Lazima awazidi adui kwa akili. Unakunjika kidogo, kwa hiyo hugusa fungu la mchanga ukapona mahali ambapo meli ya Kireno ingepasuka. Na unavuja. Unavuja mchana na usiku, na lazima mtu awe ngamani na upo, kile chombo cha kuchotea, akikumba maji, zamu kwa zamu, mpaka safari iishe. Shikilia hilo la kuvuja, tutalirudia.

Na shehena iwe ya kwetu. Masanduku ya sarafu za dhahabu yaache Karibea. Hapa waliiba hariri, pembe, magamba ya kasa, ambari iliyookotwa ufukweni, vyombo vya China, boriti za mikoko. Mtu wa pwani akisoma kwamba maharamia wamekamata mtepe wa boriti ataelewa mara moja kwamba hiyo ni hasara ya nyumba za watu Uarabuni, na kwamba kuzihamisha boriti elfu usiku ni balaa.

Hatua ya nne: nguva awe mnyama kwanza

Wale waimbaji wa Kigiriki ambao Odysseus, shujaa wa tenzi zao, alifungwa mlingotini ili awasikie, na mabaharia wake wakaziba masikio kwa nta, katika michoro ya kale walikuwa ndege wenye vichwa vya wanawake. Mkia wa samaki waliongezewa Ulaya karne nyingi baadaye. Hakuna mwenye haki ya kukudai uaminifu hapo. Chukua uimbaji uache mengine, kisha mjenge wako kwa nguva aliye kwenye maji ya Lamu na Kiunga.

Nguva wa kweli hufikia urefu wa mita 3, hula nyasi za bahari, huibuka kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi, huzaa mtoto mmoja kwa mara, na matiti yake yako kwapani, jambo lililowachanganya mabaharia wa kila taifa. Aweza kuishi miaka 70. Hutoa milio midogo ya miruzi na kulia. Huuawa zaidi na wavu wa jarife, akinaswa asiweze kuibuka. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kila moja ya hayo ligeuze mwili wa mhusika. Mpenzi wa Mize lazima aibuke kuvuta hewa, kwa hiyo hana siri ndefu chini ya maji. Mazungumzo yao yana mapumziko yasiyokwepeka, na katika mapumziko hayo ndipo mtu hufikiri amesema kupita kiasi. Ana kovu la jarife begani. Haonekani penye mwamba mtupu. Yuko penye nyasi, kwenye kina kifupi kati ya Pate na Manda, maji ya rangi ya majani. Na anaimba kwa sababu wenzake ni wachache na anataka kujua kama yuko wa kumjibu. Sababu hiyo ni bora kuliko njaa ya nyama za mabaharia. Pia inaeleza kwa nini huimba hata vyombo visipopita.

Usimchanganye na chunusi. Chunusi huvuta waogaji chini, wala hapendi mtu. Ukimtaka, mweke awe jirani mbaya wa hadithi. Majini wa bahari nao wana ubani wao, waganga wao na hasira zao, na wasomaji wengi huwaamini kwelikweli. Mimi ningewaacha nje.

Hatua ya tano: uandike wimbo wenyewe

Hapa ndipo wengi hukwepa. Wanaandika «aliimba wimbo mtamu usioelezeka», wakasonga mbele. Haikubaliki, hasa Lamu, mji ambako watu hupimana kwa vina. Ukisema sauti yake inageuza vyombo, msomaji anataka kuuona wimbo. Tumia bahari ya utenzi, mizani 8 kila mshororo, mishororo mitatu ikikubaliana kina na wa nne ukibeba kina kinachorudi mpaka mwisho. Ni fupi, inaimbika, na msomaji anaijua toka chuoni.

Kabla ya kuandika, amua wimbo unafanya kazi gani. Ushauri wangu: uwe na kazi mbili zinazopingana. Fumo Liongo akiwa kifungoni alimwimbia kijakazi Saada beti za kumpelekea mama yake, walinzi wakisikia na wasielewe, na mama akaoka mkate akatia tupa ndani. Wimbo wa nguva ufuate nyayo hizo. Mabaharia wasikie mtego, nahodha asikie jambo jingine. Mfano:

Tua tanga mlangoni
maji yapwa mkandani
nami nakungoja chini
kwa taa ya mbalamwezi

Lulu zako sizitaki
dhahabu hainishiki
sauti yako ibaki
ndiyo yangu makombozi

Hesabu: ma-ji-ya-pwa-m-ka-nda-ni, nane. Ile m ya mkandani inajitegemea, ni mizani. Taa ina mizani mbili, na usiibane ukafikiri ni moja.

Sasa tazama kazi yake. Ni saa mbili za usiku, mwezi mpevu, Mize anakimbilia Mkanda na meli ya Wareno iko nyuma. Mabaharia wanasikia «tua tanga» na «nakungoja chini», wanajua ni kifo, wanadai pamba za masikio. Mize anasikia «maji yapwa mkandani». Anapiga hesabu ya bamvua na kuona kwamba aliyeko majini anasema kweli: akiingia Mkanda sasa hatatoka. Wimbo ule ni ubembe na ni urubani kwa pamoja, na kuamini upande mmoja ni kuuamini na wa pili. Anatua tanga. Mabaharia wanadhani amerogwa. Meli ya Wareno inawapita gizani, inaingia, inakaa mchangani mpaka alfajiri.

Ubeti wa pili ni bei. Weka bei kwenye wimbo wa mwanzo kabisa, msomaji asiitambue mpaka mwisho wa kitabu.

Hatua ya sita: kukutana

Andika mkutano wa kwanza mara ya kwanza upesi, ukiachia kila kilichozoeleka kitoke. Kitatoka hivi:

«Macho yao yalipokutana, moyo wa Mize ulisimama. Hakuwahi kuona mrembo kama yule. Nywele zake zilimetameta kwenye mwanga wa mwezi, na Mize alijua maisha yake yamebadilika milele.»

Hakuna kosa la sarufi hapo, wala hakuna mtu. Ungeweza kumtoa Mize ukamweka mhasibu wa Nakuru na lisibadilike neno. Sasa rudi kwenye kile kitu nilichosema ukishikilie, mtepe unaovuja. Nahodha amekosa usingizi usiku huo, amejitwalia zamu ya ngamani:

«Upo ulikuwa umefika wa arubaini Mize aliposikia mtu anahesabu pamoja naye. Arubaini na moja. Sauti ilitoka nje ya chombo, upande wa demani, chini, karibu kabisa na maji. Mize akatua upo. Sauti nayo ikanyamaza. Akakumba tena, akamwaga.
'Umeruka,' sauti ikasema. 'Hiyo ni ya arubaini na mbili.'
'Nani wewe?'
'Nimekuhesabia tangu Shanga. Chombo chako kinavuja, nahodha, na wewe huhesabu vibaya ukichoka.'»

Sura haijaonekana bado, wala nywele. Lakini tunajua mmoja huchoka asikubali, mwengine amekuwa akifuata safari yote, tena ana ulimi. Sura ya mtu acha ije mchana, na ije kwa kipande: mkono juu ya ubao, kovu. Mahaba ya polepole yana wasomaji waaminifu kuliko ya haraka.

Wakianza kuitana, angalia heshima inavyoshuka. Mwanzo ni «nahodha», kwa kejeli kidogo. Baadaye «Mwana Mize», kwa adabu. Kisha siku moja «Mize» tupu, na iwe siku ya hatari, asipate nafasi ya kulikataa. «Nyonda» na «laazizi» ziweke akiba. Ukizitoa sura ya pili hutakuwa na kitu sura ya kumi na tano.

Hatua ya saba: kikwazo na mwisho

Mchumba wa kulazimishwa, baba mkali, na mji unaowarushia mawe: vyote vitatu vimeshachakaa, na vinageuza hadithi ya wanawake wawili kuwa hadithi ya wanaume wanaowazuia. Una kikwazo kikubwa tayari. Mmoja hukauka akikaa juu, mwengine huzama akikaa chini, na upepo humchukua huyu kwa miezi. Acha bahari ifanye kazi hiyo.

Na usiwazamishe mwishoni. Wasomaji wa hadithi hizi wamezika wapenzi wengi mno. Ukiwaua, watakumbuka jina lako kwa ubaya. Bei ilishatajwa: sauti. Nguva anaweza kukaa karibu na mtepe msimu mzima, kaskazi na kusi, ikiwa Mize atampa sauti yake. Nahodha bila sauti ni nani? Mtu hawezi kuamuru tanga lishushwe kwa kupepesa macho katikati ya dhoruba.

Hapo Pate inakupa msaada. Historia ya Pate inamsimulia Mwana Darini, aliyenyimwa siwa, baragumu ya kifalme, kwa sherehe ya mwanawe, akachongesha yake. Mize naye achongeshe baragumu yake, mlio mmoja wa kupandisha foromali, ule mti wa tanga, miwili ya kutupa nanga. Hilo ni suluhisho la wastani, nalo lisiwe la mwisho. La mwisho ni hili: dhoruba inaiangusha baragumu baharini, mabaharia wamechanganyikiwa, na amri inatoka chini ya mkuku kwa sauti ya nahodha wao waliyoisahau, neno kwa neno kama ambavyo angesema mwenyewe, pamoja na matusi. Nguva amejifunza kazi. Wawili hao sasa ni nahodha mmoja, na mabaharia itabidi wazoee.

Hatua ya nane: nchi kavu na vitu vyake

Sura za Juni na Julai zitakuwa mjini, na mji una mitego ya wakati. Nyumba nyingi za mawe zinazoonekana Lamu leo ni za karne ya 18 na 19. Leso zilienea mwishoni mwa karne ya 19, na buibui ni la baadaye zaidi. Mahindi na mihogo ni mazao ya Amerika, viliingia na Wareno. Kama unashika 1589 kwa ukali, vitoe vyote. Kama unaandika fantasia, na ndivyo ilivyo, azima, ila azima ukijua. Mimi ningeacha leso na ningechukua wikio bila kuona haya: ule ujia wa juu unaounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Wawili wakikutana hapo, watu wanapita chini ya miguu yao na hawajui. Kwa nguva aliyeazimwa miguu kwa usiku wa maji mafu, hiyo ndiyo bahari ya mjini.

Harufu ni rahisi na zina nguvu: udi, kikuba cha asumini na mkadi, na juu ya yote sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa chombo. Mize ananuka sifa. Kila mtu mjini huziba pua isipokuwa mmoja.

Lugha: msimulizi aandike Kiswahili sanifu, nguva aseme Kiamu cha tenzi, lahaja ya Lamu, kwa kiasi. «Mayi» (maji), «mato» (macho), «yuu» (juu), «ndoo» (njoo), «ndia» (njia) zinatosha. Ukimwandikia Kiamu kizima na wewe si wa Amu, watakukamata sentensi ya pili.

Hatua ya tisa: kuitoa

Kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinahusu vitendo vya ngono «kinyume na maumbile», na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019. Hakitaji hadithi. Kinachomhusu zaidi mwandishi ni kifungu cha 181, cha machapisho ya ufuska, kwa hiyo ukifika kitandani funga mlango. Mahaba ya wikioni yana joto la kutosha. Filamu zina bodi yake na ni kali: mwaka 2018 filamu ya Kenya kuhusu wasichana wawili wapendanao ilipigwa marufuku. Ukiota kuigiza hadithi yako, anza na kitabu.

Tumia jina la kalamu, na lisifanane na la ukoo wako. Simu na barua pepe ya kazi hiyo ziwe mbali na za nyumbani. Usitumie picha ya msichana wa mtaani kwa jalada, hata akiwa ameonyesha kisogo tu. Lamu ni ndogo na kisogo kinajulikana. Chora mtepe.

Ukitoa kwa vipande, ule mtindo wa «itaendelea» ambao wasomaji wa simulizi wanaupenda, kata kipande maji yanapogeuka: nguva ameuliza jambo, Mize hajajibu, maji yameanza kupwa. Maneno elfu moja na mia tano kwa kipande yanasomeka kwenye simu bila kuchosha. Usitoe cha kwanza kabla hujamaliza cha mwisho, kwa sababu wakifika kwenye sura ya baragumu watakuandikia usiku na mchana wakiomba asiipoteze sauti, na wengine wana hoja nzuri. Ziweke kando hoja hizo kwa kitabu cha pili, kwani kusi ikiisha kaskazi inarudi na Mize bado ana deni Malindi.